Vitunguu maji Malindi: maswali ninayoulizwa kila msimu

Nalima vitunguu maji robo eka kando ya Mto Sabaki, ng'ambo ya daraja ukitoka Malindi mjini kwenda Gongoni. Mwaka huu ni wa saba. Misimu miwili kati ya hiyo nilipata hasara tupu, na mengi ya majibu haya yametoka kwenye misimu hiyo miwili. Wanaouliza ni majirani, akina mama wa chama chetu, na wapwa zangu walioko Mombasa na Nairobi wanaotaka kulima kwa simu. Ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma la kwanza.

Nisie mbegu lini?

Anza na siku ya kung'oa, halafu hesabu kurudi nyuma. Kitunguu kichanga huvumilia mvua, kilichokomaa hakivumilii. Kinataka ardhi ianze kukauka wiki mbili au tatu kabla ya kung'olewa, na kikishang'olewa kinataka siku kumi na zaidi za upepo mkavu. Kwetu upepo huo ni wa kaskazi, Januari hadi Machi. Masika ya Pwani hubisha hodi mwisho wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua hasa.

Kwa hiyo mimi nataka kung'oa mwisho wa Februari. Rudi nyuma siku 95 za shambani, unafika wiki ya mwisho ya Novemba: hapo ndipo unaatika, yaani unahamishia miche shambani. Rudi nyuma wiki saba za kitalu, unafika wiki ya kwanza ya Oktoba: hapo ndipo unasia. Mvua za vuli zitaikuta miche ikiwa midogo, nazo zitakupunguzia gharama ya pampu.

Msimu wa pili unawezekana wakati wa kusi. Sia katikati ya Mei chini ya kipaa, yaani paa lisilo na kuta, atika mwanzo wa Julai, ng'oa mwanzo wa Oktoba kabla vuli haijafunga. Huu ni mgumu kidogo, kwa sababu kitalu kinapigwa na masika na manyunyu ya kusi hayaishi upesi. Anayeanza asianze na huu.

Mwaka wangu wa kwanza nilisia mwezi wa Januari, kwa sababu mbegu nilipewa Januari. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Vitunguu vilikomaa mwezi wa Mei vikiwa vizuri kweli, vyekundu, vinajaza kiganja, na mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Nilivyong'oa vilikuwa vinateleza mkononi kama sabuni iliyolowa. Wiki iliyofuata wapita njia waliziba pua. Wazee waliokuwa wakihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, wasingefanya kosa lile.

Si vitunguu ni vya bara, kwenye baridi?

Vinavyosifika Kenya vinatoka Loitokitok na Kieni, na vingi tunavyokula huku vinavuka mpaka kutoka Tanzania. Ndiyo maana watu huamini hivyo. Lakini kinachokifanya kitunguu kitunge, yaani kiache kutoa majani na kianze kujaza chini, ni urefu wa mchana zaidi ya baridi. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni saa 12 hivi, mwaka mzima. Ziko mbegu zinazotosheka na mchana huo, na ziko za nchi za Ulaya zinazosubiri mchana wa saa 14 au zaidi. Ukileta pakiti kutoka London kwa shemeji yako, utapata majani marefu ya kupendeza na chini hakuna kitu.

Joto letu lina faida moja ambayo bara hawana: vitunguu vyetu havichanui ovyo. Kinachokifanya kitunguu kitoe ua kabla ya wakati ni baridi ya kama nyuzi 10 za selsiasi kwa muda mrefu, na baridi hiyo Malindi huipati hata ndani ya friji nyingi za mjini. Ubaya wake ni kwamba huwezi kujitengenezea mbegu. Mbegu utanunua kila msimu.

Nipande aina gani, na mbegu kiasi gani?

Red Creole na Bombay Red ni za kienyeji kwa maana ya kwamba bei yake ni nafuu na zimezoeleka. Vitunguu vyake ni vya wastani, vikali, vinakaa ghalani. Jambar F1 na Red Coach F1 ni chotara: vinakomaa mapema, vinalingana, vinajaza, na mbegu yake bei yake itakufanya uketi kwanza. Kwa robo eka mimi napanda chotara, kwa sababu kazi ni ile ile. Kama huna uhakika wa maji, panda Red Creole. Ukipoteza, hutalia sana. Ila hesabu ya Red Creole ni ndefu zaidi, karibu siku 150 tangu kusia, kwa hiyo isie mapema kuliko nilivyosema hapo juu.

Kiasi: eka moja hutumia kilo moja hivi ya mbegu, basi robo eka ni gramu 250. Gramu moja ina mbegu kama 250, kwa hiyo mkononi una mbegu zaidi ya elfu sitini. Zitakazoota na kufika shambani zikiwa na afya, ukibahatika, ni elfu arobaini na kitu, na hizo ndizo zinazojaza robo eka.

Nitajuaje kama mbegu ni nzima?

Mbegu ya kitunguu inakufa upesi kuliko mbegu za mboga nyingine. Ikikaa mwaka kwenye rafu yenye joto la Pwani, nusu yake ni vumbi. Nunua pakiti iliyofungwa, soma tarehe, angalia stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Usikubali kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye mkebe. Duka moja lilinipimia hivyo mwaka wangu wa pili, na katika matuta sita ya kitalu yakaota mawili. Niliporudi, muuzaji aliniambia labda nilimwagilia usiku.

Siku hizi kabla ya kusia nahesabu mbegu 100, nazifunga kwenye kitambaa kibichi, nazitia ndani ya bakuli lenye kifuniko na kuliweka kabatini. Siku ya kumi nafungua. Zikiota 80 nasia kama kawaida. Zikiota 60 naongeza mbegu. Chini ya hapo narudisha pakiti, na safari hii nina kitambaa cha kumwonyesha.

Kitalu kiweje?

Tuta la upana wa mita moja, lililoinuliwa kiganja kimoja, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na mistari yenye kina cha sentimita moja. Usirushe mbegu kama unalisha kuku. Ziende mistarini, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari, uzifunike kwa udongo laini, halafu utandaze nyasi kavu au makuti. Kuanzia siku ya saba inama uchungulie kila asubuhi. Ukiona shingo za kijani zimejikunja kama kulabu, ondoa nyasi jioni hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili miche inakuwa mirefu na myeupe, na jua la kwanza litailaza.

Miche ikianguka kwa mafungu, imekatika usawa wa udongo kama iliyochemshwa, hiyo ni kinyausi. Sababu yake karibu kila mara ni maji mengi na mbegu zilizobanana. Punguza maji, punguza miche. Dawa ya ukungu husaidia kwa iliyobaki, iliyolala haiamki.

Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo. Ni sawa?

Inategemea hiyo kidogo ni kidogo kiasi gani, na hili ndilo swali ambalo watu wa Malindi wanalipuuza. Kitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyopenda chumvi kabisa. Nazi itavumilia, kitunguu hapana. Wataalamu hupima chumvi ya maji kwa desisimensi kwa mita: maji yakivuka 0.8 mavuno yanaanza kupungua, yakifika 2.9 hivi nusu imekwenda. Kipimo cha mkononi kinachofanya kazi hiyo si ghali, na chama kinaweza kununua kimoja kikazunguka.

Kama huna kipimo, chemshia chai. Nasema kweli. Jirani yangu aliyechimba kisima karibu na ufuo alinikaribisha chai ya maziwa, nikapiga funda moja nikamwuliza kwa nini ametia chumvi. Hakutia. Yeye na watoto wameshazoea, hawaisikii tena. Vitunguu vyake viliisikia: ncha za majani zilikauka na kuwa nyeupe kama zilizochomwa kwa kiberiti, na chini vikabaki ukubwa wa gololi.

Kisima kikichotwa sana wakati wa kaskazi, chumvi huongezeka. Kwa hiyo pima Januari, wakati ndoo zinakwaruza chini. Kipimo cha Juni, maji yakiwa yamejaa, kitakudanganya. Na walio karibu na mdomo wa Sabaki wajue kwamba siku za bamvua, mto ukiwa umepungua, bahari hupanda juu. Piga pampu maji yakishakupwa. Mimi huonja kwanza kwa ulimi kabla ya kuwasha.

Basi maji ya mto je?

Ni matamu, lakini ni mekundu. Sabaki ni huo huo Galana, na juu zaidi ni Athi, kwa hiyo hadi ufike kwetu umeshachukua udongo wa nusu ya Kenya. Ukitaka kujua ni mwingi kiasi gani, angalia bahari ya Malindi inavyogeuka kahawia baada ya mvua za bara. Tope hilo ni mbolea shambani na ni adui ndani ya mipira ya matone. Mpwa wangu alininunulia mipira hiyo, vitundu vikaziba ndani ya wiki tatu. Sasa nimechimba shimo, nikalitandika turubai, maji yanalala humo siku mbili kabla ya kuingia kwenye mpira. Asiyetaka shida hiyo amwagilie kwa mifereji kati ya matuta.

Udongo wangu ni mchanga mtupu. Nijaribu?

Jaribu, ila ulishe. Mizizi ya kitunguu ni mifupi. Chakula na maji vyake viko ndani ya sentimita 30 za juu, na mchanga haukai na kitu. Tia samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila mita mraba ikipatikana, wiki mbili au tatu kabla ya kuatika. Samadi mbichi usitie: inaleta funza na inachoma mizizi. Na usipande mahali palipokuwa na vitunguu au thomu miaka miwili au mitatu iliyopita. Pitisha mahindi, kunde au mchicha kwanza. Kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kule Mtwapa kinahusika na kilimo cha Pwani; ukitaka kupimiwa udongo anzia hapo kuulizia.

Nafasi kati ya mche na mche?

Mistari sentimita 15, mche na mche sentimita 10. Tuta la mita moja linachukua mistari sita, kwa hiyo kila mita ya tuta ni miche 60. Ukiacha njia ya sentimita 40, robo eka inaingiza miche elfu arobaini na mbili au tatu. Niliwahi kutumia watu sita, siku mbili kutwa, na jioni hakuna aliyeweza kunyoosha mgongo. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kubwa kuliko mbegu, na anayelima kwa simu hajawahi kuihesabu.

Mche uwe unene wa penseli, au upungue kidogo. Mwembamba zaidi ya hapo unakufa, mnene kupita hapo unapasuka mapacha. Uchomeke sentimita mbili au tatu tu. Ukiuzamisha, kitunguu kinakuwa kirefu kama chupa na broka atakuteta. Atika alasiri, udongo ukiwa umelowa tangu asubuhi.

Nifanye nini na ndago?

Ndago ni magugu yaliyoletwa duniani ili mkulima wa vitunguu asijisifu. Jani la kitunguu ni jembamba, halitupi kivuli, kwa hiyo hakuna siku litakayoyashinda magugu kwa nguvu zake. Wiki sita hadi nane za kwanza ni zako.

Ukiikata ndago kwa jembe, umeipanda. Chini ina viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kama tasbihi. Ukikata uzi, kila punje inaota peke yake. Mimi kabla ya kuatika namwagilia shamba, nasubiri ichomoze, halafu naichimbua kwa uma na kuokota punje kwa mkono, nazitupa juu ya jiwe zikauke. Narudia baada ya wiki mbili. Haiishi, lakini inapungua kiasi cha kuvumilika. Kati ya miche iliyokwisha kuatikwa tumia kisu kidogo au mkono. Jembe hukata mizizi ya kitunguu, nayo yote iko juu. Na usikifukie kitunguu kwa udongo kama viazi. Mabega yake yaachwe yaonekane.

Mbolea ya dukani?

DAP kidogo wakati wa kuatika, ichanganywe na udongo isiguse mzizi. CAN wiki ya tatu, na tena wiki ya sita. Baada ya hapo acha kabisa. Atakayekuambia utie nyingine kitunguu kikianza kujaza anakutakia shingo nene, na shingo nene haikauki.

Nimwagilie mara ngapi?

Kwenye mchanga kila siku mbili, kwenye udongo wa mtoni kila siku tatu au nne. Choma kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia. Asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku.

Swali la maana zaidi ni lini uache. Majani ya kwanza yakianza kulala yenyewe, funga maji. Hapo ndipo moyo unapodunda, kwa sababu jua linawaka, ardhi inapasuka, na kila anayepita anakuuliza kwa nini unaviua vitunguu vyako. Mwaka wa nne mama mkwe alisubiri niende mjini akavimwagilia kwa huruma, tuta tatu nzima. Tuta hizo tulizila sisi wenyewe, haraka.

Majani yamekuwa na michirizi ya fedha. Ni ugonjwa?

Hapana, ni wadudu: thripsi. Ni wadogo kama vipande vya uzi wa manjano. Huwaoni mpaka ufungue katikati ya majani pale yanapoachana, na humo wamejaa wamelala kivulini. Wanakwaruza jani na kufyonza. Wakati wa kaskazi, joto na ukavu, wanazaliana upesi mno.

Mvua nzito huwaosha, na kunyunyiza maji juu ya majani husaidia kidogo. Mwarobaini nautumia mapema: mbegu zake kavu nazitwanga, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zinalala usiku mmoja, nachuja kwa kitambaa. Natia sabuni ya maji kidogo, kwa sababu jani la kitunguu lina nta na maji matupu yanateleza. Napuliza jioni, nikielekeza bomba kwenye koo la mmea. Wakizidi nanunua dawa, na nabadilisha aina kila ninapopuliza mara mbili, maana wanaizoea. Soma kibandiko siku za kusubiri kabla ya kung'oa, uziheshimu. Hivi vitu vinaingia kwenye kachumbari vikiwa vibichi.

Na haya mabaka ya zambarau?

Huo ni ukungu. Baka linaanza jeupe, dogo, limezama, halafu katikati linageuka zambarau na pembeni manjano, na jani linavunjika hapo. Unapenda joto na unyevu, kwa hiyo Novemba ndio mwezi wake, na msimu wa kusi huku karibu na bahari haukosekani. Majani yaliyokwaruzwa na thripsi huupokea kwa urahisi zaidi. Ukiwashughulikia wale umeushughulikia huu nusu. Nafasi, umwagiliaji wa asubuhi, dawa ya ukungu kabla haujaenea. Majani yaliyougua yachomwe, usiyaache njiani.

Ning'oe vipi, nikaushe wapi?

Majani yakilala nusu ya shamba au zaidi, ng'oa. Wapo wanaopita na pipa kuyalaza kwa nguvu ili yote yafanane. Nimejaribu, shingo iliyovunjwa ikiwa mbichi ni mlango wa kuoza. Yaache yalale yenyewe.

Usivianike juani wazi. Jua la saa saba la Malindi linakipika kitunguu upande mmoja. Unakiona kizuri, ukikikata ndani kuna tabaka laini la rangi ya maji ya mchele. Kama huna kivuli, vilaze kwa safu shambani hivi kwamba majani ya safu moja yanafunika vitunguu vya safu ya pili, kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Siku mbili tatu zinatosha, kisha vipeleke chini ya kipaa kwa siku kumi hadi kumi na nne. Kipaa cha makuti kisicho na kuta hakina mfano: kivuli juu, upepo pande zote. Usifunike kwa turubai la plastiki mchana, vitatoka jasho.

Kimekauka lini? Bana shingo kwa kidole gumba na cha shahada, halafu uisugue. Ikiteleza ndani, bado. Ikilia kama karatasi, tayari. Hapo kata majani ukiacha vidole viwili juu ya bega, na mizizi uipunguze.

Vitakaa muda gani?

Kwangu miezi miwili vizuri, wa tatu kwa kuchagua kila wiki. Joto letu halivisumbui sana; kitunguu kilichokauka kinakaa salama kwenye nyuzi 25 hadi 30, na kwenye ubaridi wa wastani ndiko kinakochipua upesi. Kinachotuua ni unyevu wa bahari. Viweke juu ya chanja ya fito, kina cha viganja viwili au vitatu tu, upepo upite chini. Gunia lililolazwa kwenye sakafu ya saruji linafyonza unyevu kama utambi. Vyenye shingo nene, vilivyochubuka na vilivyo mapacha visiingie chanjani, viuzwe au viliwe kwanza.

Broka ananipa bei ya kunionea. Nifanyeje?

Kwanza nunua mizani. Broka anapenda kununua kwa neti, na neti inanyooka kadiri anavyoijaza. Nilipoitoa mizani mara ya kwanza mmoja aliniambia, "Mama, sisi na wewe tumefikia kupimana?" Nikamwambia karibu chai, lakini kilo ni kilo. Alinunua. Amerudi kila mwaka.

Pili, usiuze vikiwa shambani bado vibichi kwa sababu ya deni la mbegu. Hapo ndipo bei inapokufa.

Tatu, jua nani anakula. Kabla ya Ramadhani, Shaabani ni mwezi wa arusi, na sufuria moja kubwa ya biriani inameza vitunguu kwa makilo, vya kukaanga peke yake. Wapishi wa arusi wanataka vyekundu, vikavu, visivyo na maji mengi, kwa sababu vya maji mengi havikauki kwenye mafuta, vinachemka. Nawapigia simu Januari. Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na miaka hii imeangukia karibu na mavuno ya kaskazi. Haitakaa hapo milele, basi itumie. Mfungo Sita kuna Maulidi, Lamu wageni wanajaa, na mwenye vitunguu wakati huo anapeleka huko. Kongowea, kule Mombasa, mimi hupeleka nikizidiwa tu. Ni soko kubwa, lakini nauli na ushuru vinakula, na ukifika pamoja na malori ya Tanzania wewe na neti zako thelathini huonekani.

Nilime eka nzima mwaka wa kwanza?

Hapana. Lima matuta kumi.

Mto ukifurika?

Umefurika 1997, 2018 na 2023, kwa hiyo utafurika tena. Shamba langu liko hatua chache juu ya ukingo, na pampu nailaza nyumbani, siyo mtoni. Ukisikia Nairobi na Makueni kunanyesha sana, usisubiri tangazo.

Viboko wanakula vitunguu?

Hawavipendi. Wanapita tu, kuelekea mahindi ya jirani. Ila mguu wa kiboko ni mkubwa kama sahani ya pilau, na akikatiza tuta usiku anaacha mashimo, kila shimo na miche yake imezama chini. Nimeweka uzio wa miiba na makopo matupu yanayogongana. Husaidia kiasi. Usiende na tochi kumfukuza. Mche wa kitunguu unaatikwa tena.

Kitunguu kilichochipua jikoni nikikipanda?

Kitakupa majani ya kukatia kwenye mchuzi wa samaki, na chini kitagawanyika viwili vitatu vidogo. Kipande kwenye kopo karibu na mlango wa jikoni, shambani kisiende.